Hatua ya Waoga

Jumamosi moja mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwangu Tabata amenuna. Ana miaka 11. Shule yao ilikuwa imeandaa mashindano ya sataranji, naye alicheza michezo minne akafungwa mitatu. Nilimwacha anywe chai kwanza, kisha nikamuuliza wapinzani wake walianzaje.

"Wote walisukuma askari wa mfalme, mjomba."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Na mimi wangu, uso kwa uso. Nilitaka kuweka c6 kama ulivyonionyesha, lakini mwalimu anasema hiyo ni hatua ya waoga. Anasema anayeanza kwa kujikinga ameshafungwa."

Sikumjibu siku ile. Majibu nilikuwa nayo, tena mengi mno, na kila moja lilikuwa na mwaka wake na mahali pake.

La kwanza ni la Tanga, mwaka 1984, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amesomea Moscow, akarudi na vitu viwili vilivyotustaajabisha: koti zito ambalo Tanga nzima hapakuwa na siku ya kulivaa, na ubao wa sataranji uliokunjika katikati ukawa sanduku, kete zake zikilala ndani. Askari wawili weusi walishapotea njiani, nafasi zao zikachukuliwa na visoda. Baada ya vipindi tulikusanyika chini ya mwembe tukacheza, naye akipita nyuma yetu na sheria yake moja asiyoilegeza hata kwa mtoto mdogo: ukigusa umecheza.

Sisi tulitoka kwenye drafti, kwa hiyo sataranji nayo tuliicheza kama drafti. Mbele kwa mbele, ukiona cha kula unakula. Mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na karibu kila aliyeanza alisukuma askari wa mfalme nyumba mbili hadi e4. Nami nilisukuma wangu hadi e5, tukatazamana. Kisha askofu wake akaenda c4, malkia akachomoka, na katika hatua ya nne malkia huyo alikuwa ameshakula askari wangu wa f7, mahali ambapo mwanzoni mwa mchezo hapana mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe. Chekimeti. Nilifungwa hivyo siku nyingi mfululizo. Mwalimu aliona, akanyamaza, akaniacha nifungwe. Siku hizi namshukuru kwa ule ukimya kuliko hata kwa somo lililofuata.

Somo lenyewe lilikuja jioni moja aliponikalisha mbele yake na kete nyeupe. Nilisukuma e4. Yeye akamchukua askari wa upande wa malkia, akamsogeza nyumba moja tu, kutoka c7 hadi c6. Nilidhani amekosea. Hatua yenyewe haigusi katikati ya ubao, haifungulii njia askofu yeyote, na juu ya hayo inamziba farasi nyumba yake bora.

"Mwalimu, hapo umemzibia farasi."

"Nimemzibia, ndiyo. Kila kitu kina bei yake."

Nikasukuma askari mwingine hadi d4, naye akaweka wake d5. Hapo ndipo nilipoona kazi ya yule askari mdogo. Alikuwa nguzo. Nikila d5, yeye atakula kwa c6, na katikati ya ubao patabaki na mtu wake. Nikimwacha, atanila yeye. Nikipita kando hadi e5, atatoa askofu wake nje. Kwa hatua mbili za kimya, e4 yangu iliyokuwa ikitamba ilikuwa imeulizwa swali na ililazimika kujibu.

Nilimuuliza kwa nini asiiwekee d5 nguzo kwa kumsogeza askari wa e7 hadi e6, maana kazi ni ile ile. Akanisimulia habari ya fundi mmoja aliyeunda mashua ndani ya ua wake. Alichagua mbao nzuri, akapigilia vizuri, akatia kalafati, na siku ya kuishusha majini akakuta haipiti mlangoni. E6, alisema, ndiyo ule Ulinzi wa Kifaransa, na mashua ni askofu wa c8 anayebaki nyuma ya askari wake mwenyewe mchezo mzima. Kwa c6 unamtoa kwanza hadi f5, ndipo unafunga mlango kwa e6. (Wachezaji wa Kifaransa watanipinga hapa, na wana haki. Wamenifunga mara nyingi na mashua yao ikiwa uani vile vile.)

Ulinzi huo unaitwa Caro-Kann. Mwalimu alilitamka jina hilo Kirusi, kwa uzito, na mimi kwa muda mrefu nilidhani ni mtu mmoja. Kumbe ni wawili: Horatio Caro, Mwingereza aliyeishi Berlin, na Marcus Kann wa Vienna, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla, kule Hamburg, Kann alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60 alipoitumia c6 kumfunga Jacques Mieses katika hatua 24. Mieses alikuwa kijana wa miaka 20, na baadaye alikuja kuvuma kwa mashambulizi yake. Sataranji haikuanza kugombania neno "mwoga" katika shule ya mpwa wangu.

Lakini hadithi aliyoipenda Mwalimu ilikuwa ya Botvinnik na Tal, na aliisimulia kama mtangazaji wa mpira. Moscow, 1960. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia, mhandisi wa umeme, mtu wa miaka 48 mwenye miwani na nidhamu ya daftari. Mbele yake Mikhail Tal wa Riga, miaka 23, aliyekuwa akitoa kafara farasi na maaskofu kwa namna ambayo watu wakija kuichambua baadaye hukuta mara nyingine si sahihi, ila pale mezani saa ikipiga hakuna aliyeweza kuona kosa liko wapi. Tal alisukuma e4. Botvinnik akajibu c6. Na akanyang'anywa ubingwa.

Tulinyamaza. Tulidhani hadithi imeishia hapo, na kwamba maana yake ni tuache kucheza Caro-Kann. Mwalimu akatukatalia kwa kidole. Mwaka 1961 walirudiana, Moscow ile ile, na Tal alipoanza na e4 Botvinnik akamwekea tena c6. Safari hii Botvinnik alishinda, pointi 13 kwa 8. Ufunguzi haukubadilika. Kilichobadilika ni mtu, aliyekwenda nyumbani akaifungua upya michezo aliyofungwa na kuisoma kama mwanafunzi. Tangu siku ile sikuitazama tena c6 kama hirizi. Au nilidhani hivyo.

Maana mwaka 1990, nilipofika chuo kikuu, Mlimani, nilikuwa nimeshapata jina bwenini: hafungiki. Si kwamba nilikuwa nashinda sana. Nilikuwa sifungwi, na kijana wa miaka 22 hupenda kudhani ni kitu kimoja. Usiku mmoja alikuja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpole, kandambili miguuni, akaomba mchezo. Watu walizunguka kitanda tulichokigeuza meza. E4, c6. D4, d5. Farasi wake akatoka, nikala e4, farasi wake akanila na kukaa pale. Mimi nikamtoa farasi wangu mmoja hadi d7, kwa nia ya kumtoa wa pili hadi f6. Ni njia nzuri, inajulikana. Naye akamsogeza malkia wake hadi e2, mbele ya mfalme wake mwenyewe, akimziba askofu wake asitoke. Nilimhurumia. Nikajisemea, huyu hajui kutandaza kete zake. Nikamweka farasi wangu wa pili f6.

Akamruka farasi wake hadi d6. "Cheki."

Nilinyoosha mkono nimle kwa askari wa e7, mkono ukagandia hewani. Askari yule hawezi kuondoka, maana akiondoka malkia wa e2 anamwona mfalme wangu moja kwa moja. Na mfalme hana pa kukimbilia. Kulia malkia wake, kushoto askofu wake, mbele farasi na askari wake. Kila nyumba iliyomzunguka ina mtu wa kwake. Alikufa katikati ya jamaa zake, hatua ya sita, na bweni zima likacheka mpaka mlinzi akaja.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1935, kisiwani Mallorca, bingwa wa dunia Alekhine aliwamaliza kwa mtego huo huo watu wanne waliokuwa wakishauriana dhidi yake. Vichwa vinne havikuona. Nilifarijika kidogo.

Usiku ule ulinifundisha jambo ambalo washabiki wa ufunguzi imara hawapendi kulitaja. Mtu anayecheza ovyo ovyo anajua yuko hatarini, kwa hiyo anatazama. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya ukuta, na ukuta ulinipa raha, na raha ikanipa usingizi. Farasi yule alichezwa na mkono, macho hayakuwepo. Nilikumbuka hilo Mei 1997 niliposoma gazetini kwamba Garry Kasparov amefungwa na kompyuta ya Deep Blue kule New York. Mchezo wa sita, wa mwisho, pointi zikiwa sawa, mbili na nusu kwa mbili na nusu. Kasparov, mtu wa mashambulizi, alikuwa amechagua Caro-Kann, na njia ile ile ya farasi d7. Katika hatua ya saba akasukuma askari hadi h6 kumfukuza farasi wa kompyuta aliyekuwa g5. Farasi hakufukuzika. Akaingia e6, akajitoa kafara, na mfalme wa Kasparov hakupata tena pa kujisitiri. Hatua ya 19 akasalimu amri. Caro-Kann aliwahi kuicheza ujanani akaiacha, na siku ile alikuwa kama mtu aliyelitoa sandukuni koti la zamani akakuta mikono haimfiki. Nilifikiria lile koti la Mwalimu.

Mwaka huo nilikuwa na muda mwingi wa kusoma magazeti. Nilikuwa nimepunguzwa kazi mwaka 1996 katika shirika la umma lililokuwa likiuzwa, mhasibu mdogo miongoni mwa wengi, na nilikuwa nasubiri mafao. Nilirudi Tanga kusubiri. Mwenzangu tuliyepunguzwa naye siku moja alikopa kwa shemeji yake akafungua duka la vifaa vya ujenzi wiki ile ile. Mimi nilisema nasubiri kwanza mambo yatulie. Nilisema hivyo mwaka mzima na zaidi, na kwa kuwa nilikuwa mchezaji wa Caro-Kann, nilikuwa na jina zuri la kuuita uzito wangu: uimara.

Alasiri nilikaa barazani kutazama bao. Ninasema kutazama, kwa sababu wazee wale hawakumkaribisha ovyo mtu aliyezoea "ubao wa Wazungu", ingawa nilijaribu kuwaeleza kwamba jina lenyewe, sataranji, limetufikia kwa Waarabu na Waajemi, na kwamba kete 64 za bao ni sawasawa na nyumba 64 za ubao wangu. Mzee mmoja alinijibu kwamba hata meno yake na ya mkewe yakijumlishwa zamani yalifika 64, na bado hawakuwahi kuelewana. Huyo ndiye aliyenikubalia hatimaye.

Bao la Kiswahili lina shimo moja linaloitwa nyumba. Unaanza na kete sita humo ndani, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Nyumba ni hazina. Ukiwa unakula na kete ya mwisho ikaishia nyumbani, una hiari: usimame, au ubebe kete zote usafiri nazo kuuzunguka ubao. Mimi nilisimama. Kila mara nilisimama, nyumba ikajaa ikavimba, na nilifurahia kuitazama. Mzee alicheza taratibu upande wa pili mpaka siku moja akailenga, akaila yote kwa mkono mmoja, kete zikawa zinamwagika katika mashimo yake kama mvua ya masika.

"Kijana," aliniambia, "hii uliiweka ya nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilitandaza sataranji peke yangu, nikarudi kwenye njia ambayo ilikuwa ikininyonga miaka yote: mweupe anasukuma hadi e5, anachukua nafasi kubwa, nami namtoa askofu hadi f5, nafunga mlango kwa e6, kisha... kisha nangoja. Nilikuwa nikingoja mpaka nakosa pumzi. Sare nilizojivunia bwenini nyingi zilitoka huko, na vipigo vya polepole pia. Dawa ilikuwa mbele ya macho yangu. Ni askari yule yule wa c6. Lazima asogee tena, hadi c5, aigonge d4, na kuing'oa misingi ya ile e5 inayokubana. Ndiyo, atakuwa ametumia hatua mbili kufika alipoweza kufika kwa moja. Hiyo ndiyo bei aliyoitaja Mwalimu, na nilikuwa nimeilipa miaka 12 bila kuchukua bidhaa. Jambo la kuaibisha zaidi ni kwamba Botvinnik mwenyewe, katika marudiano ya 1961, mara nyingine hakungoja hata kumtoa askofu: Tal akifika e5 tu, yeye anagonga c5 hapo hapo. Hadithi ile nilikuwa nimeisikia mara 50 na sikuwa nimesikia sehemu hiyo.

Mafao yalitoka, kidogo. Nilirudi Dar es Salaam nikaanza kufanya hesabu za maduka ya Kariakoo, likiwemo la yule mwenzangu.

Nairobi, 2003, mashindano ya mwisho wa wiki. Nilikuwa na miaka 35 na imani mpya, na raundi ya tatu nikapangiwa mtoto wa Kampala ambaye miguu yake haikugusa sakafu. E4, c6, d4, d5, e5. Nikamtoa askofu hadi f5, nikiwaza tayari habari ya c5 yangu. Yeye akasukuma askari wa pembeni hadi h4. Nilidhani ni utoto. Nikafunga mlango, e6. Akaja g4. Askofu akakimbilia e4. Akaja f3. Askofu akarudi g6. Akaja h5, akaegemea kiti, akanitazama bila tabasamu. Askofu wangu alikuwa nje, ndiyo, nje kabisa, na hana mahali pa kwenda. Niliambulia askari mmoja badala yake, na baada ya hapo palikuwa na kusindikiza tu.

Mashua ilipita mlangoni salama, ila sikuwa nimetengeneza bandari. Dawa yake nayo ni ndogo: ukiona h4, sukuma wako hadi h5 au h6 kwanza, askofu apate pa kujificha. Mlango unaweza kungoja hatua moja. Miaka kadhaa baadaye, watu walipokuwa wakistaajabu habari za Phiona Mutesi, msichana mcheza sataranji wa Katwe, Kampala, na filamu yake ikatoka mwaka 2016, mimi sikustaajabu. Nilikuwa nimeshaionja Kampala.

Basi nikirudi kwa mwalimu wa mpwa wangu. Nimemfikiria wiki hizi na naona ana haki zaidi ya nilivyotaka kumpa. Mtoto aanze kwa e5, uso kwa uso, apigwe f7 mpaka ajifunze kuiona bila kufikiri. Mwalimu wangu aliniacha nifungwe kwa sababu hiyo, na anayepewa ukuta kabla hajanyeshewa hajui ukuta ni wa nini. Ningekuwa mimi shuleni pale, ningefanya karibu kama yeye. Nisingetumia neno lile tu. Mwoga ni nani? Mzee Kann anayemkaribisha kijana wa miaka 20 aje? Botvinnik anayerudi na silaha iliyomvua taji? Woga niliouona mimi katika Caro-Kann ulikuwa wangu, nilikuja nao ndani ya begi, na ningeucheza hata katika ufunguzi wa kishujaa kuliko wote.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja tena, hakununa. Alitaka tucheze kwenye ubao, si kwenye simu, na alitaka kete nyeupe. Nilimtandazia. Akasukuma e4. Nikaweka c6, akacheka kidogo. D4, d5. Farasi wake akatoka, nikala, akanila. Kwa mazoea ya miaka 40 nikamtoa farasi wangu hadi d7.

Akafikiri, au alijifanya anafikiri. Kisha akamshika malkia kwa vidole viwili, akamweka e2, mbele ya mfalme wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu kabatini.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika juu ya farasi wa g8.

"Mjomba," alisema, akitazama dari, "ukigusa umecheza."